Mbwa Si Jalala

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia nimeandika juu ya wazazi wangu, juu ya mikorosho na juu ya kazi ya ualimu, na sidhani kama kuna aliyenicheka. Leo naandika juu ya chakula cha mbwa. Anayetaka kucheka na acheke kwanza, kisha arudi tuendelee, kwa maana nina ugomvi na watu wengi katika jambo hili, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Hapa Tandahimba, kama ilivyo kwa wenzetu wa Newala na Masasi, mbwa ni mfanyakazi. Muhogo unapokomaa, nguruwe pori huja usiku na kufukua shamba la familia nzima kabla ya alfajiri. Nyani na tumbili huja mchana. Na kuanzia mwezi wa Oktoba, korosho zinapodondoka, huja pia mnyama wa miguu miwili mwenye gunia tupu begani. Wote hao tumewakabidhi kwa mbwa. Yeye halali usiku ili sisi tulale, na vijana wanapokwenda msakoni yeye ndiye anayetangulia kichakani.

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Jina hilo nilimpa siku niliyomleta nyumbani, kwa sababu nilijua majirani watasema: mwalimu mkuu mstaafu, tena mzee wa msikitini, amepatwa na nini hata afuge mbwa? Ni mwembamba wa kiuno, mwepesi wa miguu, na rangi yake ni ya mchanga wetu mwekundu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi si msasi, lakini vijana wa kijijini walimtambua upesi, na kila palipokuwa na msako walikuja kubisha hodi: "Mwalimu, shikamoo. Tunaomba Mtasema."

Lakini Mtasema alikuwa na tumbo bovu. Siku ya msako alirudi adhuhuri, akala kwa pupa, na kabla ya jua kuzama alikuwa ametapika na kuharisha nyuma ya nyumba. Alipona siku mbili, akaugua siku ya tatu. Mbavu zilianza kuhesabika. Nilipouliza, nilipewa majibu matatu. Wa kwanza aliniambia kuwa mbwa huyo ni mlafi, apigwe. Wa pili aliniambia kuwa ametupiwa kitu na mwenye wivu. Wa tatu, rafiki yangu wa miaka mingi, aliniambia, "Mwalimu, mbwa ni mbwa. Tumbo la mbwa ni chuma. Kama halishiki, tafuta mwingine."

Hilo la tatu ndilo ninalotaka kulipinga hapa, kwa sababu ndilo tunaloliamini sote. Tunaamini kwamba Mungu alimwumba mbwa akiwa na tumbo lisilochagua, ili sisi tupate mahali pa kutupa tusichokitaka. Hebu nitaje bila aibu nilichokuwa nikimpa Mtasema. Nilimpa ukoko wa ugali wa muhogo na mahindi yaliyoingia ukungu. Nilimpa mchuzi uliolala, wenye vitunguu na mafuta yaliyoganda juu, pamoja na vichwa vya samaki wa chumvi na mifupa ya kuku wa kuchemsha. Kinywaji chake kilikuwa maji yaliyooshea sufuria. Mtu angempa mgeni wake sinia la namna hiyo, tungesema amekusudia kumwua.

Tuanze na muhogo, kwa kuwa ndio chakula chetu. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na bibi zetu waliijua kabla ya mtaalamu yeyote kuipima. Ndiyo maana walimenya, wakakausha makopa kwa siku nyingi, wakasubiri. Sumu hutoka kwa kazi na kwa muda. Njaa inapobisha mlangoni, watu hufupisha muda. Hutwanga muhogo mbichi, huuanika, huutwanga tena, na baada ya siku chache wanapika unga uitwao chinyanya. Mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula wilayani Masasi, watu waliugua kwa kula unga uliotayarishwa kwa haraka namna hiyo, na watafiti waliandika habari zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, ulionekana mkoani Mtwara kwa watu waliokula muhogo mchungu bila mboga yenye nguvu. Maana mwili hauiondoi sumu hiyo kwa miujiza. Unahitaji salfa inayopatikana katika protini, yaani katika samaki, nyama, mayai na kunde.

Sasa fikiri juu ya mbwa. Binadamu anakula ugali na samaki, mbwa anapewa ugali peke yake. Binadamu anachagua unga uliokauka vizuri, mbwa anapewa ule uliotiliwa shaka. Mikorosho yetu tunaipulizia salfa kila mwaka isipatwe na ubwiri unga, wala hatuoni tabu kuigharimia. Mbwa anayezilinda korosho hizo tunamnyima dagaa.

Mahindi yenye kuvu ndiyo mabaya kuliko yote, na ndiyo tunayowapa mbwa kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya sumukuvu katika mahindi. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo uliwafika Watanzania wenzetu wa Dodoma na Manyara. Tangu hapo tumeelezwa kwenye redio tusile mahindi yenye ukungu. Tumesikia, tumetii, tumeyatenga, na tuliyoyatenga tumempikia mbwa. Na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa upesi sana na sumukuvu, kwani hushambulia ini lake. Kuchemsha hakuiondoi. Mahindi hayo ni ya kufukiwa, wala si ya kuliwa na kiumbe yeyote.

Mengine nayapitia kwa haraka. Vitunguu, viwe maji au swaumu, huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vikali na inaweza kutoboa utumbo. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kuamsha maumivu makali ya kongosho. Samaki wa chumvi asiyerowekwa humfanya mbwa anywe maji mpaka atapike. Nyama mbichi ya nguruwe iliyoachwa porini, ambayo vijana wetu huona ni malipo halali ya mbwa kwa kuwa wao hawaili, inaweza kumjaza minyoo.

Nilipofika hapo katika kujihukumu, nilikumbuka jambo la zamani ambalo ningependa kulisahau. Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Kulikuwa na kijana mmoja mwepesi sana, mkimbiaji wetu katika michezo, ambaye kila baada ya chakula cha mchana alitoka darasani. Alitoka mara tatu, mara nne kwa wiki. Wakufunzi walimwita mtoro. Nilimwita ofisini, nikamsomea sheria, nikampa adhabu ya kung'oa visiki kwa siku tatu. Hakujitetea. Alisema tu, "Nimekosa, Mkuu," akaenda kung'oa visiki huku anajikunja tumbo. Ni mpishi aliyenifumbua macho, baadaye sana. Muhula ule nilikuwa nimepunguza kuni za jikoni ili nibane matumizi, na maharage yalikuwa yakiteremshwa kabla hayajaiva. Maharage yasiyoiva yana sumu yake, na kijana yule alikuwa na tumbo jepesi kuliko wenzake. Mwenye kosa nilikuwa mimi mwenye saini ya kuni. Mwenye visiki alikuwa yeye.

Wala sisemi kwamba mwanafunzi na mbwa ni sawa, Mungu apishe mbali. Nasema kwamba mkosaji alikuwa mtu yuleyule, tena kwa kosa lilelile. Aliye chini yangu aliugua kwa chakula nilichomwamulia, nami nikautafuta ubaya ndani yake.

Basi, baada ya toba nikaangukia upande wa pili. Mjukuu wangu wa Dar es Salaam aliniambia kwamba dawa ya matumbo ya namna hii ni chakula cha mfuko kutoka nje. Nilisafiri, nikaingia duka moja, na muuzaji akaniapia kwamba Mtasema atapona kwa wiki moja. Mfuko ule ulinigharimu fedha ambazo zingeninunulia debe la mahindi na dagaa juu yake. Niliukata siku hiyohiyo, nikamjazia bakuli. Usiku ule aliharisha kuliko siku zote.

Sitaki kuwadhulumu watengenezaji. Chakula hicho kikitengenezwa vizuri kina kila kitu ambacho mwili wa mbwa unahitaji, na mwenye uwezo wa kukinunua kila mwezi bila kukatiza akinunue. Ninaloligombea ni ushirikina mpya unaosema kwamba kilichoandikwa Kiingereza kwenye mfuko hakina kasoro. Chakula hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Kilianza kuuzwa mjini London karibu na mwaka 1860 na Mmarekani James Spratt, aliyeoka biskuti za ngano, mboga na mabaki ya nyama. Na mwaka 2007 huko Marekani Kaskazini mbwa na paka wengi waliharibika mafigo kwa sababu chakula chao cha viwandani kilikuwa na unga wa ngano uliochanganywa melamini. Uzungu wa mfuko haukuwaokoa. Jambo la busara ni kuuliza kuna nini ndani, kimehifadhiwaje, na je, nitaweza kukinunua tena mwezi ujao? Kwa maana mbwa anayekula mfuko wiki moja na makombo wiki tatu anateseka kuliko anayekula ugali safi mwaka mzima.

Aliyetutoa gizani ni bwana mifugo wa kata. Alikuja kwa pikipiki, akamtazama Mtasema ufizi na macho, akambinya tumbo, kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwalimu nilipaswa kujiuliza: "Mwalimu, umeandika anachokula?" Sikuwa nimeandika. Akatoa dawa ya minyoo kwanza, kwa kuwa si haki kulaumu chakula kabla ya kuondoa wezi wa chakula. Akaniagiza pia kwamba ikitokea kuhara damu, au kutapika hata maji, nisijaribu mapishi yoyote, nimwite siku hiyohiyo.

Nikanunua daftari. Kwa wiki mbili nilimpa vitu viwili tu, wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mafuta, bila chumvi na bila mifupa, kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Choo kikashika. Ndipo nikaanza kuongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa siku nyingi, nikiandika. Ugali wa sembe ya mahindi safi, ulioiva barabara, aliupokea. Dagaa waliorowekwa na kuoshwa chumvi aliwapokea. Yai lililochemshwa alilipokea. Muhogo ulimrudisha nyuma, hata wa makopa mazuri, nikauacha. Maziwa yalimharisha. Alichokihitaji kilikuwa jikoni kwangu muda wote, nyuma ya chombo cha makombo.

Msomaji anayejua kwamba mbwa ana meno ya nyama ataniuliza: ugali utamfaa nini? Swali ni zuri. Mwaka 2013 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba mbwa wana uwezo wa kusaga wanga uliozidi sana ule wa mbwa mwitu wa Ulaya, kwa sababu wameishi na binadamu wakulima kwa maelfu ya miaka. Basi ugali si dhambi. Sharti lake ni mawili: uive sawasawa, maana wanga mbichi humshinda, na usiwe peke yake. Mbwa wa kilo 15 hivi anayefanya kazi huhitaji takriban kalori 1,000 kwa siku, na zaidi siku ya msako. Unga wa mahindi gramu 170, dagaa wakavu gramu 75 na kijiko kimoja cha mafuta hukaribia kiasi hicho. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake midogo humpa chokaa ya mifupa yake yeye. Mafuta yaanze kwa matone, yaongezwe polepole. Na kila badiliko la chakula lichukue siku saba hadi kumi, la zamani likipungua na jipya likiongezeka. Hapo ndipo nilipokosea na mfuko wangu wa Dar es Salaam: nilibadilisha kwa siku moja kitu kilichotaka siku kumi.

Daftari lilinionyesha jambo la pili, nalo ni saa. Mtasema alikuwa akiugua zaidi siku za msako kwa sababu alikula bakuli zima huku bado anahema. Siku hizi akirudi anapata maji kidogo kidogo na kivuli. Chakula kinakuja baada ya saa moja au mbili, moyo ukishatulia. Alfajiri kabla ya msako anapata konzi ndogo tu, mapema. Tangu nilipoanza utaratibu huo ametapika mara moja, na siku hiyo aliiba samaki kwa jirani.

Na maji, ndugu zangu! Uwanda wetu hauna mito, mvua yote huzama mchangani. Mama zetu walishuka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani, na hata baada ya miradi ya kusukuma maji iliyoanza miaka ya 1950 kiu haijatutoka. Mtu aliyekulia hapa ndiye angepaswa kujua uchungu wa kukosa maji. Lakini tunampa mbwa anayetoka kukimbia jua la saa sita maji ya sabuni, kisha tunashangaa tumbo lake kuchafuka.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni la dini. Mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na najua kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo maana Mtasema ana chungu chake na bakuli lake, na havipiti mlangoni. Lakini sheria ya tohara haikuandikwa ili iwe ruhusa ya ukatili. Sura ya Al-Maida inahalalisha kile anachotukamatia mbwa aliyefunzwa kuwinda, na kila mtoto wa madrasa amesimuliwa habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kushuka kisimani na kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Kama maji ya kiatu yalihesabiwa, bakuli la ugali litasahauliwa?

La pili ni la umaskini, nalo nalisikiliza kwa heshima zaidi. "Mwalimu, watoto hawajashiba, nimpikie mbwa?" Hapana, watoto kwanza. Lakini mbona anayeuliza hivyo aghalabu ana mbwa watano? Fuga mmoja umlishe, kuliko watano wanaozurura usiku wakila vinyesi na kuku wa watu. Na upige hesabu ya mwalimu: gunia moja la korosho lisiloibwa, au nusu eka ya muhogo isiyofukuliwa, hununua dagaa wa miezi mingapi? Chakula cha mbwa mlinzi ni mshahara.

Hapa sote tunalaani kangomba. Tunamlaani yule anayekuja wakati wa njaa, akaona huna pa kwenda, akachukua korosho zako kwa bei ya kukucheka. Tumezungumza juu yake mikutanoni mpaka sauti zikakauka. Basi niambieni, mtu anayechukua usiku mzima wa mbwa, miguu yake, masikio yake na damu yake mbele ya meno ya nguruwe, akamlipa mahindi ya kuvu kwa kuwa mbwa hana pa kwenda, huyo tumwite nani? Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Walikuwa wakimsema bwana, ingawa wengi wetu tumeifanya methali hiyo kuwa ruhusa.

Rafiki yangu yule wa tumbo la chuma alipita jioni moja, akanikuta nimechuchumaa nikiosha dagaa. Akacheka sana. Kisha akaketi, akamtazama Mtasema aliyelala mlangoni mwa ghala, mbavu zake zimefunikwa na nyama, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia dawa ya aibu: "Hao dagaa unawaroweka muda gani?"

Nilimjibu. Nikampa na karatasi kutoka kwenye daftari, nikamwambia aanze kuandika.